Nusu ya Meza ya Fundi Saa

Zile saa nilizinunua Sirari kwa mkupuo, na nilizinunua kwa ubishi tu. Mama mmoja wa upande wa Kenya alikuwa na kopo la maziwa ya unga mezani kwake, limejaa saa za mkono zilizokufa, zimelaliana kama dagaa. Nikamuuliza bei ya moja. Akaniangalia viatu kwanza, kisha uso.

"Moja siuzi. Beba zote ama uwache zote. Usinisumbue, buda, niko na wateja."

Hakuwa na mteja hata mmoja. Nilihesabu mara mbili. Nikaondoka, nikafika kwa muuza ndizi, nikarudi. Akashusha. Nikaondoka tena, nikarudi tena. Safari ya mwisho nilimkuta ameshanifungia kopo kwenye mfuko.

"Shika, uende. Unatembea mbele yangu kama askari wa lindo, watu wanaogopa kukaribia."

Wapo watu walioingia kwenye ufundi kwa kipaji. Mimi niliingizwa na mama aliyechoka kuniona.

Kazi yangu ni udalali. Tarime mjini ukitaka kiwanja, pikipiki iliyotumika, au ng'ombe wa maziwa asiyepiga mateke, utaniuliza mimi, na usiponiuliza nitakuja mwenyewe. Nilidhani saa zile nitaziuza kabla jua halijazama. Nikamwonyesha mwenye duka la vipodozi, akacheka. Nikawaonyesha vijana wa bodaboda, wakaniuliza kama zinaonyesha mpira. Mwishowe nikazipeleka kwa fundi saa, mzee anayekaa na meza yake kwenye baraza la duka la mbegu, nyuma ya stendi. Akamwaga kopo, akachambua kwa ncha ya kibano kama mama anayechambua mchele.

"Hizi ni za kujaza," akasema. "Hazina betri. Unazungusha hiki kijifundo cha pembeni, springi inajikaza, ndiyo inayoisukuma. Nani alikuuzia?"

"Mama mmoja wa Sirari."

"Anaendeleaje? Hizi nilimuuzia mimi."

Nilicheka mpaka mwenye duka la mbegu akatoka nje kuuliza kuna nini. Mzee hakucheka. Alirudisha saa zangu kwenye kopo, moja moja, akaniambia njia ya kuzitoa mikononi mwangu ilikuwa moja tu: kuzifanya zitembee.

Akanipa kigoda. Hakunipa meza.

Meza ile ilikuwa ndefu kwa mtu mmoja. Upande wake mmoja mzee aliwasha taa yake na kupanga bisibisi zake, na upande wa pili ulikaa wazi, una vumbi na gazeti la zamani. Kijana anayeuza makava ya simu alikuwa ameshaumezea mate. Kila asubuhi alipita, akauliza kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, umefikiria?" Mzee alimjibu marahaba na kwamba bado anafikiria. Mimi nikakaa kwenye kigoda na kopo langu magotini, nami nikaanza kuutamani upande ule kuliko nilivyowahi kutamani kiwanja chochote cha barabarani. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu maisha yangu yote nimefanya biashara kwa kusimama.

Ufundi wenyewe nao ulinipumbaza mapema. Ukifungua mgongo wa saa ya kujaza, unakuta mji. Gia zimekaa juu ya gia, kila moja inamsukuma mwenzake polepole, na pembeni kuna gurudumu dogo linalokwenda huku na huku bila kuchoka. Juu ya gurudumu hilo kuna springi nyembamba kuliko unywele, imejizungusha kama dawa ya mbu ya kuwasha. Mzee aliiita pumzi. "Gurudumu ndilo moyo," alisema, "na hii ndiyo pumzi. Ukiigusa ovyo, umeua mtu." Nikashika kibano kwa mikono miwili.

Skrubu zake ukiziweka kwenye karatasi nyeupe utadhani ni uchafu wa pilipili manga. Nilizihesabu nilipozitoa, nikazihesabu tena kabla ya kupumua, maana ukipumua kwanza hesabu inabadilika. Ya kwanza iliniruka ikaingia kwenye kikombe cha chai cha mzee. Akainywa chai taratibu hadi mwisho, akatema skrubu kwenye kiganja, akanipa.

"Endelea," akasema.

Na siku saa ya kwanza ilipotembea! Ilikuwa saa mbovu kuliko zote kopo zima, kioo kimepasuka, namba zimefutika. Niliiosha kwa petroli kama nilivyofundishwa, nikaipaka mafuta kwa ncha ya sindano, tone ambalo inzi angelidharau, nikarudisha lile gurudumu mahali pake. Likakaa kimya. Nikalipulizia kidogo. Likaenda huku. Likarudi. Halafu likaendelea lenyewe, bila mimi, kama ng'ombe aliyeinuka baada ya homa. Nilitoka barazani mbio nimeiweka sikioni, nikawafuata vijana wa bodaboda.

"Sikiliza!"

Mmoja akatega sikio. "Inasema nini?"

"Tik."

"Basi?"

"Subiri. Inasema tena!"

Wakaniangalia kwa huruma. Mmoja akanishauri nikanywe maji. Sikuwa na habari nao. Niliivaa saa ile isiyo na namba hadi nyumbani na kila nilipokutana na mtu nilimwambia saa, ingawa ilibidi nikisie.

Nyumbani nikawa najifunza kwenye kopo langu, maana mzee alikataa "takataka za Sirari" kugusa meza yake. Zikaanza kuamka, moja baada ya nyingine. Nilizitundika kwenye misumari juu ya kitanda, na jambo la ajabu nikaliona: saa zangu zote zilikuwa na mbio. Ukizipanga adhuhuri sawasawa, jioni zimekutangulia. Nikahesabu, nikahesabu tena. Zote mbele, hata moja haikuwa nyuma. Nikaamini ni nguvu ya mkono wangu.

"Saa zako zinawahi wapi?" mke wangu aliniuliza.

"Zina afya."

"Mbona mwenye afya hafiki mapema hivyo? Hizi zinakimbia deni."

Sikumwambia mzee. Huendi kwa mwalimu wako kumlalamikia kwamba kazi yako ina nguvu kupita kiasi.

Kisha akaja nesi. Huyu ni mkunga kwenye zahanati moja upande wa Matongo, mwenyeji wa Kagera, alihamishiwa huku na serikali na akabaki. Alifika barazani na saa ya kifuani, zile za manesi zinazobanwa kwa pini na kuning'inia kichwa chini ili mvaaji aisome kwa kuinamisha shingo. Ilikuwa ya kujaza. Alirithi kwa shangazi yake, naye alikuwa nesi. Imesimama.

"Nina saa kwenye simu," alimwambia mzee, "lakini siwezi kupekua mfuko nimevaa glavu. Ninashika mkono wa mgonjwa, naangalia hapa, nahesabu mapigo. Hii ndiyo kazi yake."

Mzee akaiangalia kwa lenzi, kisha akaniangalia mimi kwa jicho lile lile lenye lenzi, kubwa kama la ng'ombe.

"Mura," akaniita, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "hii ni yako. Mafuta ya zamani yamegeuka gundi, hakuna kingine. Uifungue, uioshe, uirudishe. Mteja akirudi kushukuru, upande ule wa meza ni wako. Akirudi kulalamika, upande ni wa makava na wewe urudi mnadani kwa ng'ombe wako. Umesikia?"

"Na asiporudi kabisa?"

"Usianze."

Niliifanya pale pale barazani, mzee akiwa begani kwangu. Sijawahi kuwa makini vile hata siku nilipooa. Ikatembea. Tukaiweka kando ya saa yake, ikashinda hapo mpaka kufunga, na mishale ya zote mbili ikabaki inakwenda pamoja. Mzee akaguna mguno mmoja. Huo kwake ni hotuba.

Kesho yake nikapanda bodaboda kuipeleka Matongo mwenyewe, kwa fahari. Ili isitikiswe na mashimo, niliifunga kitambaa nikaiweka ndani ya kopo langu, kopo nikalikumbatia kifuani njia nzima. Nikamkabidhi nesi mlangoni pa zahanati, nikaipanga kwa simu, akaibana kifuani, akainamisha shingo akatabasamu. Nilirudi Tarime nikiwa tayari nina meza. Nilipita kwa kijana wa makava nikamnunulia soda, kumpa pole.

Nesi alirudi kabla wiki haijaisha. Nilimwona anavuka barabara kutoka stendi, na mwendo wake haukuwa wa mtu anayekuja kushukuru. Mimi ni dalali. Mwendo wa mteja naujua kutoka mbali. Nikamkimbilia katikati ya barabara.

"Shikamoo sista! Karibu sana! Tuongelee hapa pembeni, pale kuna vumbi."

"Vumbi gani? Niko barabarani hapa."

"Unakunywa soda? Nikuletee soda."

"Nataka fundi." Akanipita. Nikamfuata. Mzee alikuwa ameshavua lenzi na anatusubiri, na kijana wa makava, sijui nani alimwita, alikuwa ameegemea nguzo.

"Mzee," nesi akasema, "saa yenu imewaponya watu wangu wote."

"Kivipi?"

"Juzi nilipima mama mmoja, moyo wake umetulia. Nikapima wa pili, umetulia. Wa tatu amepanda kilima na ndoo kichwani, anahema, naye umetulia! Nikasema basi, leo Matongo nzima ni wanariadha. Nikajipima mwenyewe, na mimi nimebanwa na kazi, sijala. Nami nimetulia. Hapo nikajua mgonjwa ni saa. Nikatoa simu, nikawapima wote upya. Mshale wake wa sekunde unamaliza mzunguko kabla dakika haijaisha. Mapigo yatatosha vipi humo?"

Kijana wa makava alianza kupangusa upande wa meza kwa kiganja.

"Toa mkono," nikamwambia. "Huyu hajalalamika. Anasimulia."

"Nalalamika," nesi akasema.

"Unasimulia kwa uchungu. Mzee, sisi sote tumesikia, ni simulizi."

Mzee akaishika saa, akaisikiliza, akaiweka mezani mbele yangu. Mbele yangu, siyo mbele yake. "Nesi ana gari la kurudi jioni. Tafuta kwa jicho lako mwenyewe. Nikikuambia mimi, meza imekwenda."

Nikakaa kwenye kigoda, nikaifungua. Gia safi. Skrubu zote zipo, nikahesabu, nikarudia. Nikashusha lenzi kwenye ile pumzi na hapo nikaona kitu: mizunguko yake ambayo inatakiwa kuachana ilikuwa imegandana, imebanana upande mmoja kama ndugu kwenye picha ya harusi. Springi ikigandana inakuwa fupi, ikiwa fupi gurudumu linakwenda haraka. Nikadhani ni mafuta. Nikaiosha kwa petroli, nikaikausha. Ikaachana kidogo, ikagandana tena. Nikaiosha tena. Ikagandana tena, na safari hii kwa dharau.

Nesi alikuwa amekaa kwenye gunia la mbegu anakula karanga. "Inaendeleaje?"

"Inaendelea."

"Ndiyo shida yake hiyo."

Nikanyoosha bisibisi kuchukua skrubu moja, na skrubu ikaruka yenyewe kuja kuipokea, kama mbwa anayemlaki mwenye nyumba. Nikaitikisa. Haikuanguka. Nikageuza bisibisi chini juu, skrubu ikabaki inaning'inia. Nikalitazama kopo langu. Halafu nikaanza kucheka, na nilicheka vibaya sana, hadi machozi, mpaka nesi akaacha karanga na kunishika mkono kunipima.

Ni lazima niseme kitu kuhusu sisi wa upande huu. Kule kwenye mashimo ya dhahabu ya Matongo, ukishaosha mchanga kwenye karai ukabaki na ule mweusi, unaukausha halafu unapitisha sumaku juu yake. Chuma chote kinaruka kushika sumaku, dhahabu inabaki imelala. Kwa hiyo kila nyumba ina sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, na dalali kama mimi hatembei bila yake. Nikiletewa mkufu, sumaku. Nikiletewa pete, sumaku. Nilipima nayo hata kijiko cha mama mkwe, kimya kimya, naye nadhani aliniona. Basi nilipoanza ufundi, sumaku ilikuwa kifaa changu cha kwanza. Kila saa ya kopo langu niliipima kwanza kama chuma chake ni cha kweli. Na baada ya skrubu kuniruka mara nyingi, niliibandika sumaku ndani ya kopo, kwenye mfuniko, izishike zisipotee.

Lile kopo ambalo nililikumbatia kifuani mpaka Matongo.

Nilimwambia mzee yote. Mdomo wake ukaanza kucheza.

"Kopo lina sumaku."

"Ndiyo mzee."

"Na saa zote za nyumbani zinakimbia."

"Kama zinafukuzwa."

"Na ukadhani ni nini?"

"Nguvu ya mkono wangu."

Hapo ndipo mzee alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kicheko chembamba cha kupigia meza, na nesi akacheka, na kijana wa makava akacheka zaidi ya wote kwa sababu zake. Mzee alipopata sauti akasema kuitoa sumaku iliyoingia kwenye springi kunahitaji kifaa chake cha umeme, na cha kwake kiliungua zamani. Cha karibu labda Mwanza.

"Mwanza!" nesi akasimama. "Gari langu linaondoka jioni."

Kijana akaweka kava moja mezani, kama bendera.

Nilisimama kwenye baraza nikawaza kwa kichwa cha dalali, maana cha fundi kilikuwa kimeisha. Ni nani mwingine mjini hapa anapigana na sumaku? Nimeuza televisheni za kichogo kuliko mtu yeyote Tarime. Naijua ile sauti yake unapowasha, "duum", kioo kinatetemeka. Na ninajua kwamba watoto wakiweka spika karibu, picha inaota madoa ya zambarau, na fundi huyaondoa. Anayaondoa na nini?

Fundi televisheni yuko mlango wa tatu. Nikamkuta amezungukwa na mizoga ya vichogo. Nikamuuliza.

"Ni ule mzingo wa waya wa shaba unaozunguka kioo," akasema. "Unapitisha umeme, unasafisha sumaku. Hiyo duum ndiyo yenyewe. Kwani unauza?"

"Nakodi. Kwa muda wa duum moja."

Tulirudi naye barazani, mzingo begani kama mtu aliyebeba kamba ya ng'ombe. Akauunganisha kupitia balbu moja katikati ya waya ili usichukue umeme wote. Akachomeka. Hakuna kitu. Umeme umekatika mtaa mzima.

Tukakaa. Nesi, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akampima mzee mapigo kwa simu, akamwambia apunguze chumvi. Akampima kijana wa makava. Aliponifikia mimi akahesabu, akakunja uso, akahesabu tena.

"Wewe una moyo wa kuku."

"Ni meza hiyo, sista."

"Inaonekana."

Feni ya dukani ikageuka. Mzingo ukaanza kunguruma. Fundi televisheni akaniambia niipitishe saa katikati na kuitoa polepole, polepole kabisa, nikirudi nyuma nayo mpaka mwisho wa baraza, nisisimame njiani. Nikarudi nyuma hatua fupi fupi, saa nimeinyoosha mbele yangu kwa mikono yote miwili kama bibi harusi na keki, watu wa stendi wakisimama kutazama. Nikafika kwenye maua ya mwenye duka. Nikakaa chini pale pale, nikashusha lenzi.

Pumzi ilikuwa imefunguka. Mizunguko yote imeachana, kila mmoja na nafasi yake, inajifungua na kujifumba.

Tuliiweka kando ya saa ya mzee. Nesi akashika mkono wa mzee, akapima kwa saa ya kifuani, akatamka namba. Akapima kwa simu, akatamka namba. Ni ile ile. Nikamwomba arudie, akarudia. Ni ile ile.

"Sasa," mzee akamwambia, "wewe umekuja kulalamika au kushukuru?"

Nesi akaibana saa kifuani bila haraka. Akaniangalia mimi, akaangalia meza, akamwangalia yule kijana. Nikaiona ile sura. Naijua, naivaa kila siku ya mnada.

"Inategemea," akasema. "Hii pini imelegea. Na kioo kina mkwaruzo."

"Pini nitakuwekea mpya," nikasema.

"Na kioo?"

"Sista, kioo kilikuwa hivyo tangu kwa shangazi yako."

"Basi mzee, mimi nimekuja kulalam—"

"Na kioo!"

"Na kila mwaka unaisafisha bure."

Nikahesabu hasara. Nikahesabu tena, ikawa kubwa zaidi. "Na kila mwaka," nikasema.

"Ahsante sana fundi," nesi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stendi, akachukua mkoba wake. "Nimekuja kushukuru." Akamgeukia kijana. "Na wewe, hilo kava la bluu linaingia simu hii?"

Kijana akamuuzia kava, akiwa amesimama, kisha akalitoa lile jingine mezani, akaenda zake bila kusema kitu ila kwamba soda nilimpa ya moto.

Mzee alivuta bisibisi zake upande wake. Akachukua chaki, akapiga mstari katikati ya meza, akakunja lile gazeti la zamani akanipa. Nikapima pande zote mbili kwa mashibiri. Nikapima tena.

"Mzee, huu mstari umekula upande wangu."

"Kaa," akasema.

"Shibiri nzima, mzee. Na taa iko kwako."

"Mura. Kaa."

Nikakaa.